Siku Tuliyovua Ovaroli

4 Machi

Kwako Fundi,

Dereva wa mradi amepata pancha hapa kijijini, amesema ananipa muda wa kubadilisha tairi tu. Kwa hiyo naandika mbiombio, unisamehe mwandiko.

Mashine ya mafuta inaendelea vizuri. Tangu umalize kutufundisha tumekamua kila Jumanne na kila Ijumaa bila kukosa. Watu wanaleta alizeti hata kutoka ng'ambo ya mto, wale wale waliokuwa wakisema kikundi chetu ni baraza la umbea. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua tunawauzia wafugaji. Mama Mashudu hataki mtu mwingine ayaguse, amekalia magunia kama kuku anayeatamia.

Unakumbuka siku ulipotugawia ovaroli, wanaume walivyojipanga kwenye ukuta wa ghala kututazama tukiwa ndani ya suruali? Shemeji yangu alisema, "Leo kwangu kuna wanaume wawili, sijui nani atapika." Mdogo wangu Cheko, mkewe, akamjibu hapohapo, "Atakayesikia njaa kwanza." Basi shemeji huyohuyo sasa ndiye anayeifua ile ovaroli. Anasema madoa ya injini hayatoki mpaka uyasugue kwa majivu. Hafui hadharani, lakini anafua.

Cheko ndiye anayewasha injini siku hizi, mkono wangu hauna nguvu ya kuzungusha hendeli. Mama yetu alipofariki, Cheko alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nakwenda naye darasani, anakaa chini ya dawati langu anachora kwenye vumbi, mpaka mwalimu akachoka kumfukuza. Leo yeye ndiye anayenifundisha mimi. Anasema, "Dada, injini ni mtoto mwenye homa. Kabla hujamshika, msikilize." Maneno hayo ni yako au ameyatunga mwenyewe?

Tunaomba grisi kopo moja na chujio la mafuta.

Ni mimi,
Katibu wa kikundi


15 Machi

Dada Katibu,

Grisi na chujio anavyo dereva. Maneno ya mtoto mwenye homa si yangu. Nitayaiba.

Sasa kuna jambo kubwa. Tarehe 2 Aprili wanakuja wageni, hao ndio wanaoutegemeza mradi. Vijiji ni saba lakini Meneja amechagua ghala lenu, kwa sababu ninyi ndio mfano. Atakuja na mpiga picha. Mimi sitakuwepo, nimepangiwa kijiji kingine, kwa hiyo naandika kila kitu hapa na naomba ukisome mbele ya wenzako.

Kwanza, ghala lifagiliwe na madumu yapangwe. Pili, mwanamke mmoja tu asimame penye mashine akimimina alizeti, wengine wakae nyuma. Tatu, ovaroli ziwekeni kando siku hiyo. Meneja anasema katika picha za mwaka jana mlionekana kama vibarua wa kiwanda, wageni wanataka kuona wanawake wa kijijini wenyewe. Vaeni vitenge vile vya sare. Nne, mfungue kile kifuniko cha wavu cha upande wa mkanda. Mpiga picha anasema wavu unaficha gurudumu na picha haionyeshi kwamba mashine inazunguka.

Ni kwa nusu saa tu. Wakipendezwa, mwakani mnapata mashine ya pili.

Fundi


24 Machi

Fundi wetu,

Barua nimeisoma ghalani. Tumecheka sana kuhusu vitenge. Mama Mashudu amesema, "Vazi letu la asili limeshonwa mjini juzi, bado lina lebo." Lakini tutavaa.

Cheko hakucheka. Amenituma nikuulize, na mimi naona ana haki. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kifuniko kikiwa wazi injini haiwashwi, hata kwa dakika moja, na ulitufanya tuseme kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Anauliza je, tukifungua wavu, si afadhali angalau tubaki na ovaroli? Au tukivaa vitenge, wavu ubaki? Anasema moja kati ya hayo mawili, siyo yote.

Nimemwambia Fundi akisema jambo ameshalipima. Amesema, "Basi apime tena." Usimkasirikie, unamjua.

Anayesimama penye mashine nitakuwa mimi kwa kuwa ni katibu. Tunangoja jibu lako. Lisipokuja tutafanya kama ulivyoandika.

Katibu


9 Aprili

Dada yangu Katibu,

Sijui nianzie wapi. Habari zilinikuta njiani. Nilikaa kando ya barabara, dereva akazima gari. Pole, dada. Pole kwa watoto wake, pole kwa shemeji. Nilitaka kuja mazishini lakini nilizuiwa, ofisi ilisema mfanyakazi yeyote asifike kijijini mpaka taarifa iandikwe.

Barua yako ya tarehe 24 nimeikuta mezani baada ya msiba. Laiti ingewahi.

Nakuomba, ukipata nguvu, uniandikie ilivyokuwa. Meneja anasema yeye alikuwa nje na wageni, hakuona. Mpiga picha ameshasafiri. Andika kwangu kwanza, kabla ya kumwandikia mtu mwingine.

Fundi


27 Aprili

Fundi,

Naandika polepole, kiganja changu cha kulia kiliungua. Utaona herufi zimelala.

Wageni walikuja saa nne. Cheko ndiye aliyefungua bolti nne za wavu, kwa spana, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo ili zisipotee. Ovaroli zetu zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari ukutani, kumi na tatu, na ya kwake ilikuwa ya mwisho kutundikwa. Alisema, "Haya, tujikomboe." Wenzake wakacheka. Akawasha injini.

Mimi nikasimama na debe la alizeti. Mpiga picha akasema, "Mama, tabasamu." Unajua nina pengo la meno mawili mbele. Nikafunga mdomo. Akasema, "Mama, usinune, wageni wataona mnateseka." Watu wakacheka na mimi nikaona haya. Nikasema mwiteni Cheko, huyo hata umkataze kucheka hawezi. Nikampa debe.

Jambo hili sijamwambia mtu. Wenzangu waliona nikimpa debe, lakini wanadhani nilimpisha tu, hawajui ni haya ya pengo langu. Nakuandikia wewe kwa sababu hukuwepo, na mtu ambaye hakuwepo ni rahisi kumwambia.

Akasimama mahali pangu. Akamimina, akacheka, picha ikapigwa. Mpiga picha akamwambia asogee nyuma kidogo ili gurudumu lionekane lote. Akasogea. Pembe ya kitenge ilikuwa imelegea nyuma kwa sababu alikuwa ameinama kumimina. Mkanda uliishika.

Ilikuwa upesi kuliko kuita jina. Nililiita hata hivyo. Katika sisi wote aliyejua kuizima injini kwa haraka alikuwa yeye. Mimi nilikwenda nikashika pale nilipopaona kwanza, na palikuwa pa moto.

Basi ndivyo ilivyokuwa.

Bintiye ana miaka tisa, anakaa kwangu. Haulizi kitu. Wa kiume amebaki na baba yake, bado ananyonya kidole. Jana nilimkuta binti amekaa chini ya meza yangu anachora kwenye vumbi. Nilitoka nje.

Mwenyekiti wa kijiji amefunga ghala kwa kufuli lake. Ameitisha kikao cha wanaume na wamesema mashine imeonyesha kwamba si kazi ya wanawake, wanataka wapewe wao. Mmoja wao, ambaye hajui hata dizeli inamiminwa wapi, amesema, "Tuliwaonya." Hakuna aliyekumbuka walituonya nini.

Katibu


6 Mei

Dada Katibu,

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu. Usijilaumu kwa sababu ya debe. Tafadhali usijilaumu.

Sasa soma haya kwa utulivu. Nimeambatanisha karatasi ya ofisi. Imeandikwa kwamba marehemu alifungua kifuniko bila ruhusa, na hakuvaa ovaroli aliyopewa, ingawa alifundishwa. Kikundi kinatakiwa kusaini, na wewe kama katibu na ndugu wa marehemu unasaini juu. Ikisainiwa, ofisi inamwambia mwenyekiti kwamba mashine ni mali ya kikundi cha wanawake, na ghala linafunguliwa wiki ileile. Isiposainiwa, suala linakwenda wilayani, mashine inaondolewa kama ushahidi, na Meneja anasema vijiji vingine sita navyo vitasimamishwa. Nimewahesabu wanawake wote, dada. Ni zaidi ya themanini.

Najua si kweli. Ni karatasi tu. Wewe na mimi tunamjua alivyokuwa.

Na kuna barua yangu ya tarehe 15 Machi. Nakuomba uichome. Niliandika nilichoambiwa nikiandike, lakini mwandiko ni wangu na jina ni langu. Mama yangu ni mgonjwa, ananitegemea mimi peke yangu. Ichome, dada. Sitakuomba kitu kingine maisha yangu yote.

Fundi


20 Mei

Fundi,

Ghala limefungwa, kwa hiyo tulikaa nyumbani kwangu, kumi na mbili. Nikaisoma karatasi ya ofisi mara mbili, na barua yako ya Machi nikaisoma tena, maana wote walishaisikia siku ile.

Mama Mashudu ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Mwanangu, maiti haichafuki kwa karatasi. Saini."

Mwingine akasema, "Na binti yake akija kuisoma siku moja?"

"Siku hiyo atakuwa amesomeshwa na mafuta."

"Tutakula mafuta yaliyokamuliwa kwenye jina la mwenzetu?"

"Wewe unayakataa leo umeshiba. Njoo uniambie mwezi wa njaa."

Kisha Mama Mashudu akanigeukia. Alikuwa analia, usidhani ni mtu mkavu. Akasema, "Cheko angekuwa hai angeisaini mwenyewe. Tena angecheka. Angesema niandikeni mzembe, lakini mashine msiwape hao."

Fundi, ni kweli. Angesema hivyo hasa.

Walinyoosha mikono. Saba walisema tusaini, wanne walisema tusisaini. Mimi sikunyoosha. Ndipo Mama Mashudu akasema kura si kitu, dada yake ndiye atakayeamua, na sisi tutafuata. Wakaondoka wakaniachia karatasi mezani.

Jioni shemeji alikuja. Hakukaa. Alikuwa na ovaroli ya Cheko, ameifua na kuikunja. Akasema, "Wameandika hakuvaa. Waonyeshe. Ilikuwa safi, ilikuwa tayari, aliambiwa aivue." Akaiweka juu ya karatasi akaenda zake.

Nina jambo moja la kukuuliza na utanisamehe. Dereva alipita hapa wiki iliyopita kutupa pole. Sikumuuliza kitu, yeye mwenyewe alisema kwa uchungu kwamba barua yangu ya tarehe 24 alikukabidhi mkononi siku ya pili yake, ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alisema ukaisoma palepale.

Sijaichoma barua yako. Wala sijaipeleka popote. Nangoja unijibu hili kwanza.

Katibu


2 Juni

Dada,

Dereva hakusema uongo. Niliipata tarehe 25, wiki nzima kabla ya wageni.

Niliisoma mlangoni. Nikajua Cheko amesema kweli. Moja, siyo yote. Ni jambo ambalo hata fundi wa mwaka wa kwanza analijua. Nikaenda kwa Meneja na barua mkononi. Alikuwa anaongea na simu, akaniashiria ningoje. Nikangoja kidogo, nikaanza kufikiri ataniambia kwamba naleta vikwazo, kwamba mwezi uliopita nililalamika kuhusu kijiji kingine, kwamba wapo mafundi wengi wanaotaka kazi. Alipomaliza simu akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Nilitaka kujua kama grisi imefika." Hilo ndilo nililosema.

Nilikaa nikaandika kikaratasi kwako: "Msifungue wavu, mimi nitajibu." Nilikiweka kwenye mkoba. Kiko humo hadi leo.

Naandika haya kwako. Mbele ya Meneja sitaweza kuyasema, najijua. Wewe fanya unavyoona. Ukiichoma nitakushukuru, ukiipeleka sitasema umenionea. Nilimpenda Cheko. Aliniita Fundi wa Kwanza, akasema yeye ndiye wa pili. Najua kusema hivyo sasa hakumsaidii mtu.

Fundi


30 Juni

Fundi,

Barua hii naituma kwa anwani ileile, sijui kama itakukuta.

Niliipeleka. Nilikwenda wilayani tarehe 9 na barua yako ya Machi, ovaroli ya Cheko, na kitenge alichovaa siku ile. Barua yako ya mwisho sikuipeleka, ile uliniandikia mimi. Nilimweleza ofisa mambo yote, na habari ya debe pia nikamweleza, pengo la meno na yote, nisije nikawasema wengine nikajificha mimi. Aliandika. Hakunitazama vibaya.

Kwenye ukuta nyuma yake palikuwa na bango jipya la mradi. Ni yeye. Ameshika debe, amecheka mpaka macho yamefumba, na gurudumu linaonekana lote. Chini wameandika "Mwanamke wa kijijini akijikomboa," jina hakuna. Nikamwambia ofisa, ndiye huyo. Akageuka akatazama, kisha akasimama akalibandua. Hakujua aliweke wapi, akabaki nalo mkononi. Nikamwomba akanipa. Nililibeba nyumbani nimelikunja upande wa maandishi ukiwa ndani.

Tarehe 21 lilikuja lori na watu wanne. Waliifungua mashine, wakaipakia, na injini pia, na madumu. Wanaume wa kijiji walisimama kwenye ukuta wa ghala kama siku ile ya ovaroli, lakini safari hii hakuna aliyetania. Nao hawakuipata. Mama Mashudu alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mwisho. Nilipomwamkia aliitikia, kwa sababu ana adabu, lakini hakunitazama. Wengine watano hawaitikii kabisa. Alizeti tunawauzia tena wale walanguzi wanaokuja na magari, kwa debe lao wenyewe lililobonyezwa kitako kwenda nje ili libebe zaidi.

Vijiji vingine vimesimamishwa kama Meneja alivyosema. Ninawafikiria wale wanawake kila siku. Hawanijui, na pengine mahali fulani kuna mmoja ananilaani bila kujua jina langu.

Juzi ilifika karatasi kutoka wilayani. Ina mistari mingi, lakini wa kutuhusu ni mmoja: kwamba marehemu hakuwa na kosa, alitenda kwa maelekezo aliyopewa. Nilimwita bintiye nikamsomea. Nikaurudia mstari ule polepole, kisha nikampa ausome mwenyewe, na aliusoma bila kukwama.

Akaniuliza, "Mama mkubwa, kwa hiyo mashine itarudi?"

Nikamwambia hapana.

Akasema, "Hata mama akiwa hana kosa?"

Nikamwambia hata hivyo. Akairudisha karatasi kwenye bahasha, akaenda kuchota maji.

Sijui kama nilifanya sawa. Mama Mashudu alisema kweli kuhusu Cheko, na mimi nilikwenda kinyume cha neno ambalo mdogo wangu angelisema. Nilimlea tangu ana miaka minne na hilo ndilo jambo la mwisho nililomfanyia. Kuna siku naona nililinda jina lake. Kuna siku naona nililinda usingizi wangu tu, na usingizi wenyewe sijaupata.

Dereva amesema umeachishwa kazi, na kwamba Meneja amehamishiwa ofisi nyingine, yenye kiyoyozi. Nilisikitika kwa ajili yako. Sikukuombea hayo. Mpe mama yako pole yangu.

Wewe una ufundi mikononi, utapata kazi tena mahali. Ukifundisha wanawake wengine kuwasha injini, waambie palikuwa na mwanamke mmoja aliyejua kuisikiliza kabla ya kuishika. Anza kwa hilo. Alivyokufa uwaambie baadaye.

Naomba umkumbuke.

Dada yake